Neno Lililozidi Kibao

Jumapili, 4 Mei

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na wasiohusika pia: leo, baada ya chakula cha mchana, mimi, fundi saa wa barabara ya nyuma ya soko, nimepewa jina la Kiingereza. Refu. La heshima, nadhani. Sijui maana yake.

Ilikuwa hivi. Mama, yaani mke wangu, anajengewa tanuri la mikate uani. Miaka yote ameoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu. Sasa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu atakuja Jumamosi kuonja. Akiridhika, mikate ya chuo kizima itatoka uani kwetu. Asiporidhika, itatoka kwa yule mwoka mikate wa mtaa wa pili, anayemwita mke wangu "yule wa sufuria". Mama amelisikia hilo. Halisahau. Anakanda unga kama anamkanda mtu.

Basi nikamkuta fundi mwashi anajenga dohani, lile bomba la kutolea moshi, kama wanavyojenga watu wote. Nikamwonea huruma. Nikamweleza kwamba moshi ni kama springi ndani ya saa: ukiiachia yote kwa mpigo, nguvu imepotea. Lazima kuwe na kitu cha kuizuia kidogo kidogo. Kwa hiyo ajenge kidaraja cha matofali ndani ya koo la dohani, moshi ukwame, uache joto lake, ndipo uende zake. Nikamchorea vumbini kwa kijiti. Akautazama mchoro kwa muda. Akasema, "Sawa, mzee." Mtu mwelewa sana!

Shemeji, mdogo wake Mama, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa ameketi kwenye ngazi anamenya chungwa. Akasema, "Shemeji, wewe ni ultracrepidarian wa kutupwa."

Nikasema asante. Mama akapaliwa na maji. Shemeji akaomba ruhusa akanawe mikono, na akanawa muda mrefu kuliko chungwa lilivyostahili.

Nimemwomba aniandikie. Ameandika kwenye pakiti ya kiberiti, limeanzia upande mmoja likamalizikia wa pili. Nimeuliza maana. Amesema mtu mzima hatafuniwi, maktaba ipo. Haidhuru. Neno refu namna hii haliwezi kuwa tusi. Matusi ni mafupi, mtu anapotukana huwa ana haraka.

Jumatatu, 5 Mei

Sijashika saa ya mteja hata moja. Nimelifungua neno.

Nimeliweka mbele yangu kwenye kitambaa cheupe, nikaliangalia kama ninavyoiangalia saa ngeni: wapi kifuniko, wapi parafujo. "Ultra" naijua. Imeandikwa kwenye pakiti za betri, na kliniki kuna mashine yenye jina hilo ya kuchungulia watoto tumboni. Kwa hiyo ni kitu cha nguvu, au kinachopita mpaka. Mkia, "arian", nao nimeusikia kwa Shemeji: mkutubi kwa Kiingereza ni "librarian", ana mkia huohuo. Kwa hiyo ni mtu. Katikati imebaki "crepid". Hapo ndipo ilipo injini. Hapo sikuona kitu. Kipuri ambacho sijawahi kukutana nacho maishani!

Ajabu ya mambo: nimeishi miaka yote hii nikidhani maneno yameumbwa mazima, kama mawe. Kumbe yana matumbo. Nimeanza kutazama kila neno linalopita kwa jicho la pembe.

Nimemwuliza Soli. Huyu ni fundi viatu, jirani yangu. Tunatumia baraza moja, paa moja, na kibao kimoja kirefu juu ya milango: nusu yangu, nusu yake. Soli ameliangalia neno, akalirudisha. Akasema linafanana na ugonjwa wa ngozi. "Jirani, jipake mafuta, litaondoka."

Wivu huo! Yeye tangu azaliwe hajaitwa kitu chochote kinachozidi Soli.

Nimepata wazo. Neno hili litaandikwa kwenye kibao. Mteja atasoma, hataelewa, atashtuka, ataheshimu. Nimemtumia habari mchora vibao.

Jumanne, 6 Mei

Maktaba! Kwa nini sikuwahi kuja huku?

Mkutubi ni mama mmoja mwembamba. Wasomaji humwita Bibi Kimya, lakini si mbele yake. Kamusi kubwa ya Kiingereza ni ya majuzuu mengi. Juzuu la herufi U lilikuwa limeegemeza dirisha. Alipolitoa, dirisha likajibamiza, na Bibi Kimya akalitazama dirisha kwa ukali kama lingeweza kuomba radhi.

Nimelikuta neno. Limelala pale, wala halijali. Asili yake Kilatini: "ultra", kupita, kuvuka. Na "crepida", kandambili. Yaani ndara, kiatu cha wazi cha zamani, ambacho Warumi waliazima kwa Wayunani, kiatu na jina lake. Kandambili! Ndani ya neno langu kuna kandambili ya maelfu ya miaka, na bado ina ukanda wake. Nilipigwa na bumbuwazi. Nilitaka kumwambia mtu, lakini aliyekuwa karibu alikuwa Bibi Kimya.

Kupita kandambili. Kuvuka kandambili. Basi maana imejileta yenyewe: mtu aliyevuka daraja la kandambili, akafika daraja la viatu vya kufunga kamba. Mtu wa cheo. Chini yake kulikuwa na maandishi mengi, madogo kama mayai ya siafu, nikaona hayo ni ya wasomi, nikafunga juzuu. Mchora vibao alikuwa ananisubiri.

Kabla sijatoka nimemshauri Bibi Kimya kwamba vitabu vingependeza vikipangwa kwa urefu. Akaninyooshea kidole ukutani, kwenye maandishi ya kuomba utulivu.

Jioni kibao kimekamilika. Pana tatizo dogo. Mchora vibao alianza kwa herufi nene, za fahari, nami nikamhimiza azidishe unene. Nusu yangu ikaisha neno likiwa bado linaenda. Yeye hakusimama. Sasa juu ya mlango wangu panasomeka ULTRACREPI, na juu ya mlango wa Soli, DARIAN.

Soli ametoka nje na kiatu mkononi. Ameangalia juu kwa muda. Nikamweleza kwa upole maana ya neno: mtu aliyezipita kandambili. Akauliza kama ninajua anashona nini tangu asubuhi. Nikatazama. Zilikuwa kandambili.

Alhamisi, 8 Mei

Jana na leo biashara ya kujibu maswali. Mwanamke mmoja mjamzito ameuliza kama mashine ya kupimia iko ndani. Bwana mmoja ameuliza kama ni kanisa. Na wateja wa Soli wameanza kumwita Fundi Darian! Kalipenda. Anaitika. Amejinunulia na kofia.

Nikaona hapana. Nikarudi maktaba kutafuta kama nusu ya neno inaweza kuwa na maana peke yake, nimnyang'anye kwa hoja. Safari hii nilikwenda na lenzi yangu, ile ninayoibana jichoni nikifungua saa. Bibi Kimya akatoa juzuu, dirisha likajibamiza, tukaanza.

Nimesoma yale maandishi madogo. Yote.

Kumbe neno lina hadithi. Mchoraji mmoja wa Kiyunani, hodari kuliko wote wa zama zake, alikuwa na desturi ya kuweka picha zake nje na kujificha nyuma yake, asikie wapita njia wanasema nini. Siku moja akapita fundi viatu. Akasema kandambili ya mtu wa kwenye picha imechorwa vibaya, imepungua kitanzi. Mchoraji akasahihisha. Kesho yake fundi akapita tena, akaona amesikilizwa, kichwa kikavimba! Sasa akaanza kukosoa mguu. Mchoraji akatoka nyuma ya picha, akamwambia maoni yake yaishie kwenye kandambili.

Baadaye sana, miaka mia mbili na ushei iliyopita, mwandishi mmoja wa Uingereza akaliokota lile jambo la kandambili, akalibandika mkia, akamtupia mhakiki aliyemchukia. Ndilo neno. Mtu anayetoa maoni kuhusu mambo asiyoyajua.

Nilicheka! Nikamfikiria Soli, fundi viatu, na nusu ya neno juu ya mlango wake. Nikacheka mpaka Bibi Kimya akanishika kiwiko akanitoa nje. Nikakimbia barazani. Nikamsimulia Soli yote, na mikono, na sauti ya mchoraji.

Soli akasikiliza huku anapiga misumari. Akauliza, yule fundi alikosea kuhusu kandambili? Nikasema hapana, pale alipatia. "Alikosea wapi?" Kwenye mguu. Soli akatoa msumari mdomoni.

"Sasa wewe, jirani, dohani unaijulia wapi?"

Nikasema nina kazi nyingi. Nikaingia ndani. Nimekaa mbele ya kitambaa cheupe bila kufungua kitu. Shemeji. Chungwa. Mama kupaliwa. Yote nimeyaona upya, polepole, kama mtu anayetazama gari lake likirudi nyuma mtelemkoni.

Tusi. Tena nimelilipia rangi ya mafuta.

Na lililo baya zaidi: kidaraja. Kama sijui dohani, kidaraja changu kitafanya nini Jumamosi?

Ijumaa, 9 Mei

Mtu mwingine angekwenda kwa mwashi akamwambia: fundi, nilikosea, kitoe. Nimeliwazia wazo hilo kwa haki. Nimelikataa. Mwashi angemwambia Mama, Mama angemwambia Shemeji, na Shemeji anajua maneno mengine.

Mpango bora: nikitoe mwenyewe, kimyakimya. Nilikiweka kwa mdomo, nikitoe kwa mkono. Hakuna atakayejua kilikuwepo.

Mchana mwashi amekwenda kula. Mama amekwenda kununua hamira. Nimepanda ngazi na kipande cha nondo. Nimechungulia ndani ya dohani, ambayo mwashi alishaikausha kwa moto wa kuni: giza tupu. Nimebana lenzi jichoni. Giza lilelile, ila kubwa zaidi. Nikateremsha nondo, nikapapasa. Chini kabisa, kooni, nondo ikagonga kitu kilichochomoza. Kidaraja! Mwashi yule ni mtiifu kupita kiasi.

Nikagonga. Hakikutikisika. Kimejengwa kwa moyo! Nikapiga moyo konde, nikagonga kwa nguvu zote, jasho linatoka, masizi puani, ngazi inacheza. Mwisho kikaanguka. Kikafuatwa na kingine. Sauti ya kupendeza sana. Nikashuka, nikarudisha ngazi, nikanawa. Mama aliporudi alisema nina weusi sikioni. Nikasema ni wino.

Nimelala mchana usingizi wa mtu aliyetenda haki. Lenzi sijui nimeiweka wapi. Itajitokeza.

Jumamosi, 10 Mei

Sina hamu ya kuandika. Nitaandika.

Mpishi mkuu amekuja na aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Mwanamke mnene, mpole, wa kusikiliza. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Shemeji amekuja. Mwashi amekuja na shati safi, amesimama kando ya tanuri kama bwana harusi. Mama akawasha.

Moshi haukupanda. Ulifikiri kidogo, ukageuka, ukatoka kwa mdomo wa tanuri, wote, ukatukuta tulipokaa. Aproni ikawa ya kijivu. Shemeji akakimbia. Mama hakuondoka, alibaki pale machozi yanamtoka, anaingiza mikate, akidhani utakwisha. Haukwisha. Mikate ilitoka nje imeungua na ndani mbichi. Mpishi mkuu aliuma kipande, akatafuna kwa adabu, kisha akaomba maji.

Akamwambia Mama, "Dada, mkono wako nauona mzuri. Jiko ndilo silioni." Atapita tena Jumanne. Mara moja tu. Ikiwa ni hivi tena, ataandikiana na yule wa mtaa wa pili.

Mwashi akaingiza kichwa kwenye moshi, akatoka anakohoa. Akaapa aliiacha dohani safi. Mama alimgeukia. Sijawahi kumsikia akisema na mtu hivyo. Akamwambia achukue vifaa vyake, na kwamba atawaambia watu wote wasije wakampa kazi. Majirani walikuwa wamejaa ukutani, kwa hiyo walikuwa wameshaambiwa.

Mimi nilisema huenda ni upepo.

Jumapili, 11 Mei

Mama amefua vitambaa vyote vya mikate, vikanuka moshi, akavifua tena. Nikamwambia upepo wa mwezi huu una tabia mbaya. Akaongeza sabuni. Nimetafuta lenzi kila mahali. Bila hiyo siwezi kuona hata gurudumu la saa, lakini leo hakuna ninachotaka kuona.

Nimempita mwashi karibu na soko. Alikuwa ameketi na wenzake, na walikuwa wakimtania kuhusu moshi. Hacheki. Nilivuka barabara.

Jumanne, 13 Mei

Mikate imekubaliwa! Mpishi mkuu amekula mkate mzima amesimama, akaomba mwingine wa njiani. Chuo kitaanza kuchukua wiki ijayo. Mama aliingia ndani akalia kidogo juu ya gunia la unga, akatoka na uso wenye michirizi myeupe, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, niandike ilivyokuwa hasa.

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba jana nilisimama mbele ya Mama na mwashi, nikakiri kwa hiari yangu. Nimelifuta. Sikukiri kwa hiari. Mwashi alikuja asubuhi kuchukua vifaa. Akamwomba Mama jambo moja tu: amwache afungue koo la dohani, aone kosa lake kwa macho, maana hajawahi kukosea dohani na sasa hata wenzake hawamwiti kazini. Mama akakubali kwa shingo upande. Nikasema hakuna haja, ni upepo. Hakuna aliyenitazama. Akabomoa kidogo, akaingiza mkono, akatoa tofali. Limevunjika upya. Akatoa jingine. Akapapasa tena, akatoa lenzi yangu. Akaipangusa kwa shati, akampa Mama. Mama akaiangalia, akanipa mimi.

Ndipo nikakiri.

Nikasema yote: neno, kandambili, maktaba, nondo, kidaraja. Mwashi akauliza, "Kidaraja kipi, mzee?"

Hakukijenga! Kamwe! Akaeleza kwa upole kwamba kila mwenye nyumba humpa maelekezo, na yeye huwajibu wote sawa, kisha hujenga dohani. Hiyo "sawa" ni salamu tu. Nilichokivunja siku ile ni matofali yaliyoshikilia koo lenyewe, nayo yakaanguka yakaziba njia.

Kwa hiyo tuandike vizuri: ushauri wangu haukuharibu kitu chochote. Kilichoharibu ni toba.

Mama alimgeukia mwashi akamwomba radhi, mbele ya ukuta uleule na majirani walewale, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Kisha akasema zamu yangu. Nikaomba. Mwashi alitaka kuwa na hasira, akaniangalia na lenzi yangu mkononi, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Alasiri ileile wenzake walikuja kumsaidia kujenga koo upya. Nilipokea ruhusa ya kubeba maji, bila kuongea.

Halafu Mama akaniweka sheria. Hakupiga kelele. Alisema maneno yangu yaishie kwenye saa. Saa ya mkononi, ya ukutani, ya mezani, niseme mpaka nichoke. Kingine chochote, nifunge mdomo, maana alikaribia kumpotezea mtu jina kwa ajili yangu, na hilo linamuuma kuliko mikate. Nikaapa. Kwa dhati kabisa. Shemeji alikuwa shahidi, amesema atanitafutia neno la mtu aliyejirekebisha, na linaweza kuwa fupi.

Naam. Leo mpishi mkuu, baada ya kuonja, amenipitia dukani na saa yake ya mkononi. Inachelewa. Nimeifungua, nimeisafisha, imetembea. Sikusema neno nje ya saa. Nilijivunia sana.

Ni yeye aliyeanza. Amesema jikoni kwao chuoni maji ya kuoshea vyombo hayaendi, yanasimama, yananuka, mafundi wamekuja wakaondoka. Nimemwuliza tu mfereji unaelekea wapi. Hilo si ushauri, ni swali. Amejibu. Hapo nikaona tatizo lote, waziwazi, kama saa iliyofunguliwa. Nimemchorea nyuma ya bahasha. Akasema atafikiria.

Kesho ni siku yake ya mapumziko, jikoni hatakuwepo, kwa hiyo sitamsumbua. Nimeazima koleo. Mama sijamwambia, ana unga mwingi wa kuchekecha, na hata hivyo hili ni jambo tofauti kabisa. Lile lilikuwa la moshi. Hili ni la maji.